Nilivyopatana na giligilani baada ya miaka ya kuitwa mdekaji

Mimi giligilani (wengine mnaita dania, wengine kotmiri) tangu utotoni ikinigusa ulimi tu nasikia sabuni. Sabuni yenyewe ile ya kipande, kama vile sahani haikusuuzwa. Na kila nikisema jibu ni lile lile, unadeka wewe, njaa ikikubana utakula. Jamani njaa imeshanibana, nikala, na ikabaki sabuni.

Mjuaji mmoja akaniambia ziba pua, tafuna haraka, meza. Siku hiyo nikaamua kuwa shujaa, nikachukua majani kama matano, nikabana pua kwa vidole viwili nikaanza kutafuna. Wee, hakuna kitu! Majani matupu, kama natafuna karatasi iliyolowa. Kwa furaha nikaita watu waje washuhudie, nikaachia pua ili niongee vizuri, pumzi ya kwanza tu sabuni yote ikapanda kutoka kooni mpaka puani, machozi yakanitoka mbele ya mashahidi niliowaita mwenyewe. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Ila ile aibu ndo ilinifumbua macho, kumbe ugomvi wangu uko puani! Ulimi wenyewe unajua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami (ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama), mengine tunayoita ladha ni harufu inayopitia nyuma ya koo. Nikaanza kusoma, nikakuta majani hayo yana kemikali zinaitwa aldehidi, jamii moja na zile zinazopatikana kwenye sabuni na hata kwenye harufu ya kunguni, na mwaka 2012 watafiti wakahusisha watu wa aina yangu na eneo la jeni za vipokezi vya harufu, ikiwemo OR6A2. Sio jeni peke yake lakini, mazoea nayo yanachangia, hapo ndo nikapata matumaini.

Ujanja wenyewe: usikatekate, twanga. Twanga mpaka iwe uji, kamua ndimu, weka kitunguu saumu, halafu iache itulie. Ukiponda, vimeng'enya (enzaimu) vya jani vinatoka na kuanza kuzivunja zile aldehidi. Mara ya kwanza sikuwa na subira nikala hapo hapo, sabuni nusu chakula nusu. Ya pili niliiacha kama nusu saa hivi, ikaja na harufu ya majani tu. Nilianza na ncha ya kijiko kwenye mchuzi, sasa hivi naweka kijiko kizima na naomba nyingine. Mabichi ya kunyunyiza juu bado nayatoa moja moja kwa uma, hapo msinitanie.

Mmoja wa wale wa "unadeka wewe" naye brokoli hagusi, anadai chungu. Hiyo ni ya ulimi, jeni nyingine kabisa, TAS2R38, nikamwambia aongeze chumvi kidogo maana inapunguza uchungu. Hataki hata kuonja. Sijamwita mdekaji, bado.