Mlango wa Mninga

Jana usiku mpwa wangu kaniandikia: "Anko, nimepata chumba Mbezi, laki moja. Ila dalali anataka mwezi wake, na mama mwenye nyumba anataka miezi sita yote mkononi. Hivi hakuna sheria?"

Ilikuwepo, nikamjibu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Sasa hivi ni wewe, dalali na Mungu wako.

Habari ya Kimara sikumgusia.

Mwaka 2017, wakati wa kupanua barabara ya Morogoro, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara zilipigwa X nyekundu. Yetu ilikuwa na mbili, moja ukuta wa mbele na nyingine chooni, utadhani choo kingeweza kubaki peke yake. Mwenye nyumba hana fidia. Mpangaji ndiyo kabisa, hata kwenye hesabu hayumo. Nami nilikuwa nimelipa miezi sita, nimekaa miwili.

Nikatoka kazini mapema kwenda kudai changu. Ndani ya daladala napanga maneno: mzee, miezi minne, elfu themanini themanini, hata kwa mafungu nitapokea.

Nikamkuta juu ya paa. Mzee mstaafu, kandambili miguuni, anang'oa misumari mmoja mmoja, taratibu, bati lisije likakunjika. Mkewe chini anapokea na kupanga. Misumari iliyopinda anainyoosha juu ya jiwe, anaitia kwenye kopo la rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu shika hapo."

Nikashika. Bati lilikuwa la moto hadi nikavua shati nikalishikia. Nyundo zilikuwa zinalia nyumba zote za mstari ule, kila mtu anawahi kabla tingatinga halijafika. Maneno yangu ya kwenye daladala yakawa yanayeyuka, na kila nilipotaka kuyaanza mama ananiambia, "Pokea hili."

Jua lilipopoa mzee akateremka, akanywa maji, ndipo akauliza, "Wewe wa chumba cha nyuma, umebakiza mingapi?"

"Minne, mzee."

Akaingia ndani. Akatoka amekumbatia mlango wa mbele.

"Mninga huu. Nilichongesha Keko mwaka niliostaafu. Ukiuza usikubali chini ya laki mbili na nusu."

Mama akaacha kunyoosha misumari. "Baba, si ulisema huo ndio tutakaoanzia?"

Mzee hakumjibu. Mimi nikaubeba.

Nilijibanza kwa rafiki Manzese, chumba kimoja, mlango umeegeshwa ukutani, tukitaka kupita tunapita kiubavu. Fundi aliyeununua aliuliza fremu iko wapi. Fremu ilikuwa imebaki ukutani, imeenda na nyumba. Basi akanipa laki na hamsini, ikaishia kwa dalali na malipo ya mwanzo ya chumba kingine.

Wale wazee nilisikia wamesogea Kiluvya, wengine wakasema wamerudi kwao. Kwa hesabu ya karatasi bado namdai mzee laki moja na sabini. Mke wangu anasema wanaodaiwa ni sisi. Tumeshabishana sana juu ya hilo, na kila mmoja yuko pale pale.