Manyoya ya Msafiri

Tororo, Jumapili usiku

Mvua imekatika jioni hii, na nimetoka bandani sasa hivi na tochi mkononi. Msafiri, tetea wangu, amelala kwenye ufito katikati ya wenzake wawili. Nimempapasa mgongoni taratibu asiamke, vidole vikagusa vijiti vidogo vinavyochoma kama mabua ya wimbi yaliyokatwa. Ni manyoya mapya yanayochomoza. Nimerudi ndani na kumwambia mume wangu, naye akaamka kitandani kunisikiliza vizuri, maana anajua wiki hizi nimelala vipi.

Yalianza hivi. Jirani yetu, mzee aliyestaafu jeshini, alisimama upande wa pili wa ua akaita, "Binti, siku hizi unafuga vishingo?" Kishingo ni kuku anayeanguliwa bila manyoya shingoni, na wapo wengi hapa kwetu. Nikamjibu, "Hapana, Mzee, sina kishingo hata mmoja." Akanyoosha fimbo kuelekea kwa Msafiri. Nikaangalia, nikaona aibu. Kuanzia chini ya shingo hadi kwenye kitako cha mkia ngozi ilikuwa wazi, nyekundu, ina makovu madogo meusi ya damu iliyokauka. Huyu ndiye tetea niliyemleta kwa boda kutoka Malaba, akiwa na mgongo wa rangi ya asali.

Jogoo, ambaye huweza kumnyonyoa tetea mgongoni anapompanda, sikumshuku, kwa sababu tulimchinja Krismasi na hatujapata mwingine. Nikashuku wadudu. Usiku huo nilichukua kitambaa cheupe nikafuta upande wa chini wa fito za kulalia, kikatoka na michirizi myekundu. Utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, na giza likiingia hupanda miguuni mwa kuku kunyonya damu, kwa hiyo ukitafuta saa sita mchana utaapa banda lako ni safi. Tulitoa kila kitu nje, tukamwagia mbao maji ya moto, tukaziba nyufa, tukawawekea beseni la majivu na udongo mkavu waoge. Wakaoga kwa furaha. Wiki moja baadaye kitambaa kilitoka cheupe, lakini mgongo wa Msafiri ulikuwa umezidi kuharibika.

Nikajipa moyo kwamba labda anabadilisha manyoya tu. Vitabu vingi vinasema kuku hunyonyoka siku zinapoanza kufupika, lakini vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 Januari hadi Desemba, na kuku wetu hunyonyoka kila mmoja kwa wakati wake, mara nyingi baada ya kuatamia au kuugua. Kitu kingine ni kwamba kuku anayebadilisha manyoya huanzia kichwani na kushuka, na manyoya yake utayafagia kila asubuhi. Hapo ndipo niliposimama na ufagio mkononi. Bandani hamkuwa na manyoya. Kuku amebaki uchi, na chini hakuna hata unyoya mmoja. Yalikuwa yakienda wapi?

Kwa wakati huo nilikuwa nimeshapata mkosaji. Jemedari, yule tetea mwekundu mkubwa, nilimwona kwa macho yangu akimdona Msafiri kwenye undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, pale kwenye chombo cha chakula, kwa kelele na mabawa juu. Nikamfungia chini ya tenga siku sita. Alilia siku ya kwanza, ya pili akanyamaza, na niliporudisha macho kwa Msafiri, hali ilikuwa ile ile.

Siku ya saba niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikakaa kwenye kigoda ndani ya banda, nikajifunika leso, nikatulia. Kuku wakanizoea baada ya muda. Kulipopambazuka nilimwona Kaniki, mweusi wangu, mpole, yule ambaye mwanangu mdogo humbeba kifuani. Alimjia Msafiri kwa nyuma bila fujo yoyote, akachagua unyoya, akauvuta, akasimama akautafuna. Akaumeza. Akarudi kuchukua mwingine. Msafiri alichuchumaa tu, kichwa kimeinama, hakukimbia wala kupiga kelele. Mitamba wawili, kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, wakaja kutazama, kisha mmoja naye akajaribu.

Nilimwachia Jemedari asubuhi ile ile. Yeye alikuwa akitetea nafasi yake tu. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni, aliueleza utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 1920: kila kuku anamjua wa kumdona na wa kumkimbia, na wakishaelewana kundi hutulia. Udonaji huo hupiga kichwani na kwenye undu, una sauti, unaisha haraka. Kunyonyoana manyoya ni ugonjwa mwingine kabisa. Hauna kelele, hauna hasira, unaanzia mgongoni na mkiani, na kuku wengine huuiga. Kwa wiki nzima nilimwadhibu mwenye sauti, na aliyekuwa akila mwenzake nikawa namwachia mwanangu ambebe.

Halafu nikaangalia chombo cha chakula, nikakuta pumba. Pumba za mahindi na mashudu kidogo. Januari ada za shule zilipobana niliacha kununua mukene, yaani dagaa, nikasema kuku watajitafutia wadudu uani. Kisha mvua za Aprili zikaja, nikawa nawafungia hadi saa sita mchana wasilowe. Tena banda lenyewe lina mita 2 kwa 2, lilikuwa na kuku 10 wanaotosheana, nikaongeza mitamba 4 kutoka sokoni na kuwasukuma ndani mchana kweupe. Unyoya karibu wote ni protini. Kuku aliyebanwa, asiye na cha kuchakura, anayelishwa pumba, ameiona protini imeota mgongoni mwa mwenzake. Ningemlaumu nini Kaniki?

Msafiri nilimtenga kwenye kona kwa wavu, wenzake wamwone na yeye awaone, wasije wakamsahau na kumpokea kama mgeni. Vidonda nilivipaka dawa ya zambarau, kwa sababu kuku akiona wekundu wa damu hawezi kuuacha. Mukene nilinunua sokoni, nikaupepeta kuondoa mchanga, nikautwanga, nikauchanganya kwenye pumba pamoja na soya iliyokaangwa. Mafungu ya dodo, yaani mchicha, nayaning'iniza kwa kamba usawa wa kichwa, wayarukie na kuyadonoa kutwa nzima. Mume wangu alitumia Jumamosi mbili kuongeza kibanda cha mabati upande wa mwembe, mvua ikinyesha wakae nje pakavu, na tukaweka chombo cha pili cha chakula mbali na kile cha Jemedari.

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, wenzake wakiwa wameshalala, nilimbeba Msafiri na kumweka kwenye ufito. Nililala nikiwa na wasiwasi. Manyoya yanayochipua yana damu ndani yake, na likivunjwa moja tu kazi yote inaanza upya.

Leo alfajiri nilikaa tena kwenye kigoda. Kaniki alimjia Msafiri kwa nyuma, akasimama, akainamisha kichwa kuutazama ule mgongo wa zambarau. Nilishika pumzi. Msafiri akageuka, akamdona undu mara moja, kwa nguvu, na Kaniki akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaenda kwenye dodo.

Kesho nitaamka saa ile ile.