Usianze na msasa

Wiki nzima hii niko na boneti ya gari, vidole vimekauka kwa maji na vumbi, nikasema ngoja niandike maana kila anayenitafuta kuhusu kupiga gari rangi upya ananiuliza rangi gani, bunduki gani ya kupulizia, presha kiasi gani, na hakuna anayeniuliza ile rangi ya zamani inafanywaje, wakati kazi yenyewe iko hapo hapo.

Gari langu la kwanza nilishika msasa moja kwa moja. Nikasugua boneti mpaka mng'ao wote ukaisha, nikafuta na tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikapiga rangi, na hata dakika tano hazijaisha rangi ikaanza kukimbia yenyewe, inaacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, boneti nzima imejaa. Iliniuma sana. Kumbe ile bodi ilikuwa imekula poleshi yenye silikoni miaka na miaka, na mimi kwa kusugua kabla ya kuitoa nikawa naishindilia kwenye mikwaruzo ya msasa, ikishaingia huko kuitoa ni shughuli. Nilirudia boneti yote.

Kwa hiyo siku hizi naosha kwanza kwa maji na sabuni, ikikauka napita na dawa ya kutoa mafuta na nta, vitambaa viwili, kimoja kimelowa kimoja kikavu, napaka kidogo nafuta hapo hapo kabla haijakauka, maana ukiiacha ikauke yenyewe mafuta yanabaki pale pale yalipokuwa. Baada ya hapo ndo msasa. Na ukimaliza msasa unapita na ile dawa tena.

Kabla hujasugua jua pia unasugua nini. Chukua kitambaa cheupe kiloweshe tina, kandamiza sehemu iliyojificha, rangi ikilainika au ikatoka kwenye kitambaa ujue hiyo haina hadena, yaani dawa ya kuikomaza rangi, ukiimwagia juu rangi mpya yenye tina kali inaweza kujikunja kama ngozi ya maziwa, hapo bora uiondoe au uulize ni praima gani, ile rangi ya msingi ya chini, ya kuitenga. Na kama kliya, ule utando wa juu usio na rangi, imeanza kubanduka, ibandue yote mpaka ufike inaposhika kweli, hakuna praima itakayokuja kuigandisha, itabanduka tu na rangi yako mpya juu yake.

Ila kama rangi ya zamani imeshika vizuri jamani msiimalize mpaka kwenye bati! Nimeona watu wanakwangua gari zima bila sababu. Ile ni msingi mzuri, inataka tu kutolewa mng'ao ili rangi mpya ipate pa kushika, msasa wa maji namba 400 mpaka 600 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), matone ya sabuni kwenye ndoo, kibao chini ya msasa, sio vidole maana vidole vinachimba mifereji. Kwenye mikunjo ya bodi na kingo rangi huwa nyembamba, mi hapo naweka tepu ya karatasi, nasugua kwingine kote, alafu natoa tepu namalizia kwa mkono mwepesi.

Palipochubuka ndo napapenda kuliko pote. Unaanza na namba 180 kavu, unaenda 320, unatanua taratibu mpaka unaona pete pete kama za mti uliokatwa, kliya, rangi, praima, bati. Pete zikiwa pana, ile ngazi ya ukingo wa rangi imeisha, zikiwa zimebanana ngazi ipo na itaonekana baada ya rangi hata ukipiga koti ngapi. Jicho linadanganya hapa, fumba macho upitishe kiganja juu ya kitambaa chembamba, utaisikia.

Kutu inakwanguliwa kwa namba 80 mpaka bati ling'ae, na vile vidoto vyeusi vinavyobaki kwenye vishimo bado ni kutu, usivifunike. Bati likiwa wazi usilisugue kwa maji, na puti, ile ya kujazia mabonde, pia hivyo hivyo maana inanywa maji alafu baadae rangi inafura malengelenge. Bati lililo wazi lipate praima siku hiyo hiyo.

Praima ikikauka napuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi kutoka mbali alafu nasugua na kibao, panapobaki weusi ni bonde, panapoisha haraka ni mlima, hapo boneti inasema yenyewe.

Barakoa vaeni hata kama mnasugua kwa maji, rangi za magari ya zamani zingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu, na praima yenye hadena inataka barakoa ya chujio la kemikali kabisa, ile ya kitambaa haisaidii kitu.

Boneti yangu sasa hivi ni ya kijivu, imelala kama kioo, kesho asubuhi napita na kitambaa cha kunata na baada ya hapo hakuna mkono mtupu unaoigusa.