Paswedi ya Makaa

Juzi usiku binti yangu wa mwisho alinifuata sebuleni na simu ya mama yake mkononi. "Baba, mtoto wa jirani anaomba paswedi ya waifai yetu. Nimpe?" Nikamwambia asubiri. Mama yake akadakia kutoka jikoni kwamba mtoto wa watu ana mtihani, ampe tu. Sikuwajibu, maana akili ilikuwa imeshakwenda Ujiji, Kigoma, mwaka 2014, kwenye ukuta wa banda la kupikia la kituo kimoja cha afya cha binafsi ambacho jina lake nitalihifadhi.

Wa Kigoma mnakumbuka hali ilivyokuwa. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa tulikuwa hatujaiona. Intaneti ya kituo ilikuwa ya laini ya simu: modemu imechomekwa kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, bando la mwezi linanunuliwa kwa mkupuo, na kabla mwezi haujafika katikati bando limeisha. Mganga mfawidhi akanipigia. "Fundi, kuna mfanyakazi wangu anapakua sinema usiku. Njoo unitafutie ni nani."

Nilikwenda na begi langu na swali langu tofauti. Mtu akiniambia bando linaisha haraka, huwa nataka kwanza kujua nani yumo ndani ya mtandao, kabla ya kuuliza anafanya nini. Nikaketi mapokezi, nikafungua ukurasa wa ruta. Jina la kuingilia lilikuwa admin na paswedi admin, vilevile ilivyotoka dukani. Maana yake yeyote aliyeunganishwa angeweza kuigeuza ruta atakavyo. Na ulinzi wa hewani, wa kufumba data ya waifai, ulikuwa WEP.

Hapo lazima niseme kidogo, kwa sababu jambo hili bado linaniuma kila nikiingia kwenye ofisi za watu. WEP ilikuja na viwango vya kwanza vya waifai mwaka 1997. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba ufunguo wake unaweza kupatikana kwa kusikiliza tu data inayopita hewani. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walishusha kazi hiyo hadi chini ya dakika moja. WPA2, ulinzi imara zaidi, ilikuwapo tangu mwaka 2004, na ile ruta ya Ujiji ilikuwa nayo kwenye orodha yake, ni kuichagua tu. Aliyeifunga mwanzo hakuchagua. Kulinda wagonjwa kwa WEP mwaka 2014 ni sawa na kufunga nyumba kwa kamba ya katani.

Nikashuka kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Wafanyakazi waliokuwa zamu asubuhi ile ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Orodha ya ruta ilijaza ukurasa na kuendelea chini: Tecno, itel, Nokia, Samsung, nyingine hazina jina kabisa, namba za kifaa tu. Nikamwonyesha muuguzi wa zamu. Akaangalia, akasema taratibu, "Hawa si sisi, kaka."

Simu yangu ilikuwa na programu ya kupima nguvu ya mawimbi. Pale mapokezi ilisoma hasi 40 na kitu. Namba ikishuka kwa 3, mfano kutoka hasi 40 hadi hasi 43, nguvu imepungua nusu, kwa hiyo ukitembea nayo polepole unaona mtandao ulipoishia na ulipopenya. Kuelekea barabarani ulikufa haraka, kuta za tofali za kuchoma zilikuwa nene. Upande wa wodi, hasi 60. Nikatoka mlango wa nyuma nikitegemea uzime, lakini ulikuwa unaendelea vizuri tu. Dirisha la chumba cha ruta lilitazama huko na halikuwa na wavu wa chuma wala bati. Nikaufuata hadi kwenye banda walikokuwa wanapikia ndugu wa wagonjwa.

Banda lenyewe lilikuwa mabati juu, ukuta mmoja wa tofali, mafiga yamepangwa, moshi umeshika kila kitu. Wanawake kama sita hivi walikuwa wanapika, mmoja anageuza migebuka kwenye mawese, mwingine ana sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Ukuta ule ulikuwa umejaa maandishi ya makaa. Namba ya bodaboda. Deni la mkaa la mtu. Vijiti vitano vitano vya mtu aliyekuwa anahesabu siku za mgonjwa wake wodini, na pale vilipoishia sikuweza kujua kama mgonjwa aliruhusiwa au vipi. Na katikati, kwa herufi kubwa kuliko vyote: *kituochaafya1*.

Herufi kumi na tatu barabara, kama WEP inavyotaka. Chini yake mwandiko mwingine uliongeza: herufi ndogo zote. Na chini zaidi, mwandiko wa tatu, wa mtu aliyekuwa amehangaika na kisha akawahurumia watakaomfuata: *mwisho ni namba moja si eli*.

Nikasimama pale. Jamani, watu hawa hawakuiba. Mmoja aliambiwa paswedi na mtu wa ndani, akaona si vema aile peke yake, akaiandika mahali ambapo kila mwenye shida atapita.

Yule mama wa sombe akaniona nimeshika simu nimetazama ukuta. "Na wewe unauguza, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Hapana, mimi ni fundi wa huu mtandao."

"Marahaba. Basi Mungu akubariki. Mmetusaidia sana." Akanionyesha simu yake, kioo kimepasuka pembeni. Mumewe alikuwa ng'ambo, Kalemie, kwenye biashara zake. Mtoto wao alikuwa amelazwa kwa malaria, na kila jioni mama huyu alimrekodi mtoto sauti, akaituma WhatsApp, na baba akajibu kwa sauti vilevile. Kupiga simu ya kawaida hadi Kongo ni gharama asizoweza. Aliamini kwamba mtandao ule uliwekwa kwa ajili yao.

Nilikuwa bado sijamaliza kazi iliyonileta, kwa hiyo nikafanya kile ninachofanya kila mahali: nikaunganisha simu yangu kwa paswedi ile ya ukutani, kama mtu yeyote pale bandani, kisha nikafungua programu ya kuvinjari mafaili nione kinachoonekana. Zikajitokeza kompyuta mbili, MAPOKEZI na MAABARA. Nikabonyeza ya pili. Haikuuliza chochote. Ikafunguka folda moja, na ndani yake mistari ya majina. Majina kamili ya watu wa Ujiji, la kwanza, la baba, la ukoo, na pembeni ya kila jina aina ya kipimo. Malaria. Sukari. Mimba. VVU.

Sikufungua faili hata moja. Sikuhitaji, kwa kuwa jina la mtu na neno VVU pembeni yake limeshasema la kutosha kwa mtaa mzima, hata kama majibu ndani ni salama. Moshi ulikuwa unaniingia machoni na nilikuwa nimeishika simu karibu na kifua, kama vile mtu angenisoma begani. Mezani pa maabara watu wale waliambiwa kwamba majibu ni siri, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka hivyo. Hapa bandani yeyote mwenye smatifoni na dakika chache za kusubiri ugali uive angeweza kuyasoma yale majina, na huenda la jirani yake, la mkwe wake, au lake mwenyewe. Miongoni mwa wanawake wale sita, sikujua ni nani jina lake limo.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Naangalia kama mtandao uko sawa, mama."

"Uko sawa kabisa," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kwanza nilizima ile folda isionekane tena mtandaoni. Kisha nikamwambia mganga mfawidhi kwamba hakuna mwizi wa sinema, nikamchukua hadi bandani, akasoma ukuta wake mwenyewe. Kompyuta ya maabara na ya mapokezi nilizitoa hewani kabisa, nikazipeleka kwenye waya. Kubana vichwa vya waya ni kazi ninayoipenda hadi leo: nyuzi zinapangwa kwa rangi, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, unazinyoosha kwa kidole gumba mpaka zikae sawa, unakata, unasukuma, unabana. Taarifa ya mgonjwa ikipita kwenye waya ule, mtu wa bandani hawezi kuinasa hewani.

Kwa waifai ya wafanyakazi niliweka WPA2 yenye AES, njia imara ya kufumba data, na paswedi ndefu, nikabadilisha ile admin, nikazima WPS. Hiyo WPS ni kile kitufe cha kuunganisha haraka, na wengi hawajui kwamba ina pia namba ya siri ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 ilifahamika kwamba ruta huikagua namba hiyo nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo badala ya mamilioni ya majaribio yanabaki 11,000. Unaweza kuweka paswedi nzuri kuliko zote, mtu akaingia kwa namba hiyo.

Lakini nilimweleza Daktari, yule mganga mfawidhi, kitu kimoja ambacho nilitaka kiingie. WPA2 ingezuia mtu wa kuvunja, isingezuia mtu wa kuandika ukutani. Tena kwa aina ile ya paswedi moja ya wote, anayeijua, akinasa kifaa kingine kinapojiunga, anaweza kufumbua data ya mwenzake. Paswedi ikishakuwa ya watu wawili wa makundi tofauti, haina kazi tena. Kwa hiyo nikamshauri tuwe na mitandao miwili: wa wafanyakazi, na wa wageni, wenye jina lake, usioona kompyuta yoyote ya kituo, simu za wageni zisionane zenyewe kwa zenyewe, na kila simu ipewe kasi ndogo ya kutosha ujumbe na sauti, isitoshe video. Ruta yake haikuweza hayo, ilibidi kununua nyingine mjini.

Hakutaka. "Fundi, mimi natibu watu. Intaneti ya ndugu zao inanihusu nini?"

Tulibishana palepale nje ya ofisi yake, kwa heshima lakini kwa nguvu. Nilimwambia habari za Kalemie. Akasema anazielewa, ila bando linalipwa na pesa za dawa. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Mwisho akakubali tujaribu, gharama ya kifaa nusu kwa nusu, mimi nikisubiri malipo ya ufundi hadi mwisho wa mwezi.

Usiku ule mtandao wa zamani ulikuwa umezimwa na mpya wa wageni haujawashwa. Jioni nikiwa bado nimeinama kwenye waya, yule mama alikuja mlangoni. "Mwanangu, mmetufungia?" Nikamweleza kwamba kesho utarudi, kwa namna nyingine. Akasema sawa, lakini hakuondoka. "Sasa baba yake leo nitamwambiaje?" Nikawasha intaneti ya simu yangu, nikamwandikia paswedi kwenye kiganja kwa peni, akaketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje akatuma sauti ya mtoto. Nilisikia mtoto akisema amekula uji. Jibu lilikuja kabla sijafunga begi.

Ukuta ulipakwa chokaa wiki hiyohiyo. Paswedi ya wageni ikawa inabandikwa karibu na dawati la wauguzi kila Jumatatu, mpya. Ilidumu miezi kadhaa, kisha mganga mfawidhi mwingine alipoingia akauzima ule wa wageni, akaacha wa wafanyakazi. Yule muuguzi aliniambia kwa simu kwamba ndugu wa wagonjwa sasa wananunua vocha dukani, wasio na hela wanaomba kwa wenzao, na folda za maabara hazionekani tena popote. Hilo la folda nalishukuru mpaka kesho.

Kuhusu lile jingine, la mtandao wa wageni, mimi na yule Daktari wa kwanza bado tunabishana tukikutana Mwanga sokoni. Yeye siku hizi ananitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anasema siku zile alikuwa sahihi kutaka kufunga kila kitu, kituo kisichokuwa na mgeni mtandaoni kina hatari moja pungufu. Namjibu kwamba sheria inamtaka alinde taarifa, na taarifa zilikuwa zimeshalindwa siku tulipozitoa hewani, ule mtandao wa wageni haukugusa hata jina moja. Anasema na bando je? Hapo huwa sina jibu la kumtosheleza, ninayo tu hesabu ya sauti za dakika moja moja za kwenda Kalemie, ambazo hazifiki hata robo ya sinema aliyokuwa akiitafuta. Anacheka, ananiambia nimletee hesabu hiyo kwa maandishi. Nimeshaiandika. Tutaona atasemaje.