Kikohozi cha nguruwe ni sehemu ya ushahidi

Mchunguzi wa magonjwa yanayowapata mifugo na binadamu pia, kwa maoni yangu, hupimwa kwa maswali anayoanza nayo kabla ya kupimwa kwa maabara aliyo nayo. Mfano ninaopenda kuutaja ni wa Malaysia, ambako kuanzia mwaka 1998 wafugaji wa nguruwe waliugua homa kali, wakaumwa kichwa, na wengine wakapoteza fahamu. Kwa kuwa ugonjwa wa Kijapani wa uvimbe wa ubongo, unaoenezwa na mbu, ulijulikana huko kwa miaka mingi, mbu ndio walioshukiwa. Dawa ikapulizwa, chanjo zikatolewa, na watu wakaendelea kufa.

Ilhali dalili za kuitilia shaka dhana hiyo zilikuwapo: ugonjwa wa Kijapani huwapata zaidi watoto, lakini wagonjwa hawa wengi walikuwa wanaume wazima walioshinda mabandani, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuchanjwa, tena nguruwe wenyewe walikuwa wakikohoa na kuhema kwa shida. Machi 1999 ndipo virusi vipya vilipogunduliwa, navyo vikapewa jina la kijiji cha Sungai Nipah. Watu wapatao 265 waliugua, 105 wakafariki, na nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa. Baadaye ilibainika kwamba chanzo kilikuwa popo walao matunda.

Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha, kwa kawaida humpa mchunguzi nafasi nzuri zaidi. Mvua kubwa huangua mayai ya mbu yaliyokaa ardhini miaka mingi, kisha kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa wingi, mara nyingi kabla ya hospitali kupokea mgonjwa wa kwanza. Taarifa hiyo ikibaki katika daftari la daktari wa mifugo peke yake, nafasi hiyo hupotea bure.

Kimeta nacho hudai busara ya aina nyingine. Mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani, hapasuliwi, kwa sababu bakteria wakipata hewa hujigeuza mbegu zinazodumu udongoni kwa miongo; tone la damu kutoka sikioni, likichukuliwa kwa glavu na kupakwa kwenye kioo cha hadubini, hutosha kuanzia uchunguzi.