Mbao Nayo Inarudi

Mimi ni fundi cherehani, Mabatini, Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Mteja akiniletea kitambaa cha pamba, swali langu la kwanza ni kama kimeshalowekwa. Kama bado, nakiloweka mwenyewe usiku kucha, nakianika, ndipo nashika mkasi. Kitambaa kinarudi: kikilowa na kukauka, kinapungua. Gauni likirudi baada ya kushonwa, hakuna dawa.

Aprili mwaka huu niliamua kujitengenezea meza ya kukatia. Masika yalikuwa yamekolea. Nilinunua mbao 5 za paini, inchi moja kwa nane, na mbili kwa nne za miguu. Zilikuja na mkokoteni, nzito, zinanukia utomvu, na ukizigusa mkono unapata ubaridi. Ule uzito niliupenda, nikaona ndio uimara wenyewe. Nilizipanga ubavu kwa ubavu hadi karatasi haikupita katikati, nikapigilia misumari pande zote mbili za kila ubao.

Kufika Agosti, pini zangu zilikuwa zinadondoka chini kupitia katikati ya meza. Nilipima mianya: milimita 5 hapa, 6 pale. Ubao wa mwisho, uliokuwa umeshikwa na misumari huku na huku, ulikuwa umepasuka shibiri nzima. Nikapima na urefu, sentimita 180. Haukupungua hata kidogo! Hilo lilinisumbua kuliko ufa. Iweje upana upungue na urefu ubaki?

Jibu nililipata Igombe, kando ya Ziwa Victoria, nilikokwenda kupeleka sare za kwaya. Ufukweni mzee mmoja alikuwa anakalafati mtumbwi mpya. Anasokota pamba kama mtu anayesuka utambi, anailaza kwenye mshono wa mbao mbili, anaigongea ndani kwa tindo butu na nyundo ndogo. Taratibu, kidole baada ya kidole. Nikamwamkia, nikasimama kutazama, mwisho nikamuuliza kwa nini asizibane mbao zikashikana kabisa.

"Mbao inakunywa, mwanangu," akasema. "Huu ukishuka ziwani utavimba wenyewe, uibane hii pamba. Ukiuacha mchangani kiangazi kizima, unaachia, unavuja upya."

Nikamweleza habari za meza yangu. Hakucheka. Alichukua kipande cha mbao akanionyesha nyuzi: zinakwenda kwa urefu, na maji yanapotoka, nyuzi zinakonda lakini hazifupiki. Basi nilirudi na daladala nikiwa na neno moja tu kichwani. Inarudi. Mbao inarudi kama kitambaa, tena inarudi kwa upana, nami niliishona mbichi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza useremala, kabla hujauliza bei ya mashine yoyote, jifunze kusubiri mbao zikauke. Septemba nilinunua nyingine. Nimezilaza ukumbini, chini ya paa, mbali na jua, na kati ya ubao na ubao nimeweka vijiti vinavyolingana unene ili hewa ipite juu na chini. Ncha zote nimezipaka rangi iliyobaki kwenye kopo, kwa sababu maji hukimbilia kutokea kwenye ncha, na ncha ikikauka peke yake inapasuka. Kisha nilikata kipande cha sentimita 30, nacho nikakipaka ncha. Kila Jumamosi nakipeleka dukani kwa jirani, ananipimia kwenye mizani yake. Wiki ya kwanza kilikuwa gramu 940. Kinapungua, kinapungua. Uzito ukigoma kushuka, mbao imetulia.

Wakati wa kusubiri haupotei. Nilikuwa na randa ya mtumba iliyokuwa inakwaruza badala ya kuranda, nikajua tatizo ni makali. Nimebandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo, namba 400 kisha namba 1000, nikanoa kisu cha randa hadi kikanyoa vinyweleo vya mkono. Siku ile randa ilitoa utepe mwembamba unaopitisha mwanga, na sauti yake ilibadilika, ikawa kama kanga inayopasuliwa kwa mkupuo. Upapase ubao kwanza kwa kiganja, kama unavyopapasa mahameli kujua manyoya yamelalia wapi. Ukiranda kinyume, nyuzi zinanyanyuka na kuchanika. Na kama nawe ni mshonaji, acha futi yako ya kitambaa pale pale kwenye cherehani. Inavutika. Mbao inataka futi ya chuma na guni, kile kipimo cha pembe mraba.

Meza ya safari hii sitaipigilia misumari. Mbao za juu zitashikwa na skrubu kutokea chini, kwenye kipande cha kushikia, na matundu ya skrubu nitayachonga marefu kidogo kufuata upana, ili mvua zikija mbao zivimbe kwa nafasi, na kiangazi zirudi bila kupasuka. Hata mbao kavu haiachi kabisa kunywa hewa ya huku ziwani.

Jumamosi iliyopita kipande kilisoma gramu 720, wiki ya tatu mfululizo. Kesho sipokei kazi za cherehani. Naranda.