Ile "aaa" ya mwalimu

Jumatatu tulitoka kazini mapema, nikaenda mwenyewe shuleni kumchukua Bwana Mdogo, mwanangu. Mwalimu wake akanivuta pembeni, karibu na ile bembea iliyokatika kamba, akasema taratibu, "Mama, samahani. Hivi huyu nyumbani mnamchapa?"

Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Aaa."

Basi. Akanionyesha alama za meno ya wangu kwenye mkono wa mtoto wa watu, wa pili mwezi huu, akanipa begi, tukaagana vizuri tu.

Leo Jumamosi na bado ninayo ile aaa kichwani, naigeuza kama chapati. Kama alimaanisha "ndiyo maana, hachapwi, mmemdekeza," basi mimi ni wale mama wanaolea kwa simu. Kama alimaanisha "mbona ana dalili za mtoto anayepigwa," basi alishajijibu kabla hajaniuliza. Nimemwigizia dada yangu kwenye simu mara tatu: fupi ikishuka, ndefu ikipanda, na ile ya katikati. Akaniambia, "Wewe, mimi naletewa mahari Alhamisi, unaniletea aaa?" (Imeletwa, wazee wamekula wakashiba, picha nitaweka.)

Acha niseme kinachouma. Ile hapana yangu haikuwa ya kweli. Jumapili iliyotangulia aling'ang'ania rimoti, nikamnyang'anya, akaning'ata hapa juu ya kiwiko. Mkono ukaruka wenyewe. Kofi moja, la shavu. Hakulia papo hapo. Alinitazama kwanza, kama mtu anayesubiri aelezwe, ndipo akaangua kilio. Na mimi, mkono bado wa moto, nikamwambia, "Sisi hatuumizi watu." Fikiria.

Mama anasema ni minyoo. Kwa mama kila kitu ni minyoo: kusaga meno, kukojoa kitandani, kufeli hesabu. Dawa tulimpa mwezi wa sita. Jirani anasema ni damu ya ukweni. Nikamwambia Baba Watoto kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu asifanye la kwanza linalomjia, haimalizi kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu, sasa huyu wa mitatu tunamdai nini? Akajibu kutoka huko Dodoma kwamba yake yeye bado anaisubiri.

Zamani kliniki nesi mmoja alituambia jambo nikalisahau: mtoto mdogo akiuma, usianze na jino, anza na kilichotangulia jino. Ana maneno machache ya kusemea hasira, kwa hiyo mwili unatangulia mdomo. Angalia saa, angalia nani yupo, angalia alikuwa anataka nini au anakimbia nini. Jumatano usiku nikatoa lile daftari la mawasiliano la shule ili nianze kuandika. Kumbe mwalimu alikuwa akiandika siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nasaini bila kusoma.

"Saa 5:40, wamegombea kiti chekundu, kamng'ata mwenzie." "Saa 5:55, kasukumwa kwenye foleni ya kunawa, karusha kikombe." "Saa 6:10, kamng'ata mwenzie, hakuna sababu." Kurasa za wiki sita. Asubuhi hakuna tukio hata moja. Wakati wa uji saa nne, hakuna. Yote yako pale kati ya saa tano na nusu na chakula cha mchana. Isipokuwa Jumatano yenyewe: "Leo salama. Ameimba."

Nikajiuliza Jumatano ilikuwa na nini. Haikuwa na kitu. Jumanne ndiyo ilikuwa na kitu: umeme ulikatika mapema, nilipofika nikamkuta kalala tangu saa moja kwenye mkeka wa sebuleni, kajifunika kanga ya dada wa kazi.

Siku nyingine analala saa nne. Basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri (tangu tulipohamia Mbezi), kwa hiyo tunamwamsha kumi na moja kasoro robo, anavalishwa soksi huku kichwa kinaning'inia. Hazifiki saa saba. Ongeza nusu saa ya mkekani shuleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Ikifika saa tano na nusu mtoto yuko macho karibu saa saba, ana njaa, na mtu kakalia kiti chake.

Na anayemchelewesha kulala ni nani? Nafika saa mbili kasoro, kaogeshwa, macho yanafumba, dada anataka kumpeleka kitandani. Mimi ndiye nasema muache kidogo, sijamwona mwanangu. Hicho kidogo tunakicheza mpaka saa nne.

Jumatano nikamlaza mapema kwa makusudi. Alhamisi akang'ata. Kiti chekundu.

Jana niliomba ruhusa nikaenda tena. Nikasimama palepale kwenye bembea. "Mwalimu, lile swali lako la Jumatatu. Nilimpiga. Jumapili, mara moja."

Akasema, "Aaa."

Ileile! Sikusikia kama ilipanda au ilishuka, basi lilikuwa linapiga honi. Halafu akasema, "Kiti chekundu kiko kimoja tu, mama, vingine vyote bluu. Nimekiweka stoo."

Sasa hivi saa tatu, Bwana Mdogo kalala tangu saa mbili kasoro robo. Leo nilipata dakika ishirini zake baada ya kazi, kumi alikuwa anapiga miayo. Nyumba kimya kiasi kwamba ndiyo kwanza nasikia friji: linanguruma, linagonga mara mbili kama mtu yuko ndani, linanyamaza. Nimeweka mkono kwenye friza, haina ubaridi ninaoujua. Kuna kilo sita za nguru za sendofu ya dada yangu, na fundi hapokei simu.